Meza ya Mbao za Matimba

Baba yangu ni fundi wa matimba, zile mbao zinazozuia shimo la dhahabu lisiwaangukie wachimbaji. Meza niliyojifunzia mpira wa meza aliitengeneza yeye, nyuma ya nyumba yetu hapa Kharumwa, kwa mbao zilizobaki kazini. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimeuona mchezo huo kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi, nikamsumbua baba asubuhi na jioni hadi akasema, "Haya, mayu, nitakutengenezea, ila niache kwanza nile." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo anavyoniita mpaka leo.

Kwenye meza ile nilimpiga kila mtu. Walikuja vijana wa Kahama na Kagongwa na raketi zao za dukani na majigambo kibao, wakaondoka kimya. Mipira yao ilikuwa inafia katikati ya meza, mimi naisogelea taratibu, naibamiza. Mmoja alilalamika eti meza ina kitu. Tulimcheka! "Ukipigwa sema umepigwa, kaka!" Nje ya nyumbani nilicheza mara chache tu, tena kwenye meza za saruji za shule moja kule Tinde, uwanjani, na kila nilipokosa niliulaumu upepo. Nani asingeulaumu? Upepo wa Tinde unakuvua kofia kichwani.

Kazi yangu ilikuwa mwaloni, tunakooshea mchanga wa dhahabu. Unachanganya mchanga na zebaki kwenye beseni, kwa mikono mitupu, mpaka dhahabu ishikamane. Mama aliifanya kazi hiyo kabla yangu. Sasa mikono yake inatetemeka, hawezi kuinua kikombe kilichojaa. Anainama mpaka mdomo ukifuate kikombe mezani. Nilikuwa namtazama kila asubuhi na kujiambia, na wewe unakuja hukohuko, bibie.

Ndipo niliposikia kwamba timu ya taasisi moja inatafuta mchezaji wa kike. Mmoja tu. Ataajiriwa, kazi yake itakuwa kucheza. Kocha wao angekuja Shinyanga mjini kwa siku moja kuchagua, kisha anaondoka zake. Niliomba Mungu kama mwehu. Wala sikutaka umaarufu mimi. Nilitaka kuitoa mikono yangu kwenye lile beseni.

Ukumbi ulikuwa umefungwa madirisha yote, hakuna hata kijiupepo. Nikaanza. Mpira wa kwanza, nje. Wa pili, nje. Nilipiga yale mapigo yangu yote ambayo nyumbani yanawaliza watu, na yote yakavuka meza kwa kiasi kilekile, pungufu ya shubiri. Mpinzani wangu, dada mmoja mpole wa Kahama, alikuwa anasimama tu na kuyatazama yakipita. Zebaki, nikawaza. Imeshafika. Nikaweka raketi chini, nikanyoosha mkono wa kulia mbele ya watu wote na kuukodolea macho. Ulikuwa umetulia tuli.

Kocha aliniita pembeni. "Dada, mtu mbovu anakosa huku na huku," alisema. "Wewe unakosa mahali pamoja. Unafanyia mazoezi meza gani?"

Nilipomwambia ni ya kutengenezwa nyumbani, akataka kujua urefu wake. Nikampigia baba palepale. "Shikamoo baba. Hebu nipimie urefu wa meza."

"Marahaba. Nipime ya nini? Ni futi kumi," akajibu. "Mbao za matimba zote ni futi kumi. Ubao mzima, mzuri, nani anaukata?"

Kocha alifumba macho. Meza ya mchezo huu duniani kote ni futi tisa.

Huku kwetu ubao ni roho ya mtu chini ya ardhi. Ukiukata bila sababu wachimbaji watakushangaa, watakuuliza kama una akili timamu. Baba hakuukata. Na mimi nikakua juu ya futi moja isiyokuwepo kwa mtu mwingine yeyote.

Kocha alikuwa na utu. Alinipa mchezo mwingine mchana, na dada yuleyule. Sasa nilijua, na kujua kwenyewe hakukunisaidia kitu. Nikiuacha mkono upige unavyotaka, mpira nje. Nikiuzuia, wavuni. Nilikuwa nauomba jamani, kimoyomoyo, punguza kidogo, punguza tu, na mkono haunisikii, unacheza na meza iliyoko Kharumwa. Nilikuwa nalia huku nacheza. Sikuona haya. Yule dada alinipiga kwa upole, kama mtu anayefanya jambo asilolipenda, na ndiye aliyechaguliwa.

"Ungekuwa na mwaka mmoja wa mazoezi kwenye meza ya kweli," kocha alisema, akafunga begi lake. Mimi sikuwa na mwaka. Sikuwa hata na ile meza ya kweli.

Baba alipiga simu kabla sijatoka ukumbini. Hakuuliza kama nimepita; lile swali la urefu wa meza lilikuwa limemtosha.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Nilikuwa na hasira naye, lazima niseme. Nilikuwa na hasira ya kuvunja simu. Lakini nilimsikia anavyohema, mzee yule aliyetumia mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Si wewe, baba. Ni mkono wangu tu."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Umeanza kutetemeka?"

"Hapana, baba! Hautetemeki. Mkono wangu ni mzima kabisa."

Jumatatu asubuhi niliuingiza kwenye beseni, pamoja na ule wa kushoto.