Trauti Wetu wa Mbegu

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana mume wangu husoma page hii.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Dundori. Mume wangu amelima viazi tangu utotoni. Miaka michache iliyopita tukachimba bwawa tukafuga trauti, samaki wa maji baridi. Majirani walitucheka sana, eti samaki mlimani! Tulifaulu mpaka kiangazi cha mwaka jana. Kijito kilipungua, maji yakapata joto, samaki wakaelea matumbo juu. Walibaki wachache. Mvua iliporudi tukaongeza wengine wadogo.

Mtafiti mmoja, dada mpole, alikata vipande vya mapezi ya wale waliopona akaenda kupima. Nilikuwa Kiamunyi nikimuuguza mama, yule dada aliponipigia simu. "Mathe, hao wakubwa wako na jeni za kuwakinga, zinaamka maji ikishika joto. Za wale walikufa hazikuamka. Zalisheni hao, watoto watarithi. Hiyo ndiyo mbegu yenu."

Nililia kwa furaha. Nikampigia mume wangu. "Baba Shiru, yule mnunuzi wa hoteli ya Naivasha akikuja muuzie, lakini acha wa mbegu."

Akacheka. "Mimi na hii umri nifunzwe mbegu?"

Niliporudi nilikuta wadogo peke yao. Huku kwetu viazi vikubwa huenda sokoni, vidogo ndivyo hubaki mbegu. Ndivyo alivyochagua samaki, masikini, tena kwa uangalifu mkubwa. Wale wakubwa walikuwa wameshaliwa Naivasha. Alikuwa na furaha hata akaninunulia leso. Nilikosa nguvu ya kumwambia.

Kiangazi hiki wadogo wamekufa wote. Mume wangu hali chakula vizuri, hazungumzi na watoto. Ameambia kanisa zima kwamba mtafiti ni mwongo. "Tuliweka mbegu vile alisema, na bado imekufa," anasema, nami naitikia kwa kichwa. Nachukia hicho kichwa changu.

Sasa yule dada amepiga simu, Ijumaa anakuja kuona watoto wa wale samaki. Mume wangu anamngoja kwa hasira, anataka kumuaibisha mbele ya majirani. Nikisema ukweli namvunja. Nikinyamaza, dada atauliza wale wakubwa wako wapi, naye atavunjwa mbele za watu.

Jamani, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, ingawa najua hakuna ushauri wa kuwatoa wale samaki kwenye matumbo ya watu.