Mke wangu aligoma kwenda kuanza chemo kwa ajili ya mtoto anayenyonya: niliyoyaona Kasulu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kila siku humu tunatoana macho kwa mpira na siasa, leo nivumilieni nitoe ya nyumbani kwangu. Na wale wazee wa kusema "chai", hii siyo chai, imenikuta mimi mwenyewe.

Nauza spea za pikipiki hapa Kibondo. Wazee wangu walitoka Tanga, ila mke wangu ni Muha wa Kasulu. Nitamwita Mama Salma, kwa jina la binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minane.

Mama Salma alitokewa na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Sote tukasema maziwa yameganda. Akakandwa kwa maji ya moto, akachanwa ziwa kwa kitana kama wafanyavyo akina mama, uvimbe uko palepale.

Mwishowe tukaenda hospitali, wakakata kinyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakaja: saratani ya matiti.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Hata pikipiki yangu nilisahau nimeiegesha wapi.

Tukapewa rufaa ya Mwanza. Daktari wa kule akasema tuanze na chemo uvimbe usinyae, ndipo aje apasuliwe. Akapimwa damu, figo, moyo. Akatumwa hadi kwa daktari wa meno akang'olewa jino bovu. Yote hayo mke wangu aliyafanya bila kunung'unika, tukarudi Kibondo kujiandaa na safari ya kwenda kuanza.

Kikabaki kitu kimoja. Mtoto aache kunyonya kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa inapita kwenye maziwa.

Sasa Salma ni mtoto wa titi, wakuu! Maziwa ya kopo anatema. Uji anafumba mdomo na kugeuza shingo. Tukapaka shubiri, akalia, akalamba, akaendelea kunyonya huku anatukodolea macho. Ubishi huo ni wa kwetu Tanga, sikatai.

Mke wangu akaweka msimamo.

"Baba Salma, siendi kuokoa roho yangu huku mwanangu anakufa njaa."

Nilibembeleza, nikafoka (mimi hasira ziko karibu, wanaonijua wanajua), nikamleta hadi shehe. Wapi! Na uvimbe nauona unakua, na tarehe ya Mwanza inakuja.

Tukaamua kufuata desturi. Mtoto wa kuachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi, asisikie harufu ya mama yake. Nikambeba Salma hadi Kasulu kwa mama mkwe, nikarudi dukani.

Siku za kwanza nikipiga simu nasikia mtoto analia kwa mbali. Baadaye kimya. Namuuliza mama mkwe, ananijibu "mzima," halafu simu anampa mtu mwingine.

Kwa wasiojua: mama mkwe wangu ana heshima za kizamani. Mkwe hamtazami usoni, na neno zito hamwambii mwenyewe. Kwa hiyo mimi kichwani nikajua mtoto ameshafariki, wanatafuta mtu wa kunipa habari. Nikafunga duka nikaenda, mke wangu sikumwambia kitu.

Nafika Kasulu, nyumba ya mama mkwe imefungwa. Nikasikia sauti kwa jirani, nikazunguka uzio.

Wakuu, kuna mama amekaa kwenye mkeka kibarazani. Ana watoto wawili, mmoja ziwa la kulia, mmoja la kushoto. Wa kushoto ni Salma wangu. Mashavu yamejaa, macho kayafumba, jasho linamtoka kwa kunyonya.

"Mwakeye, mkwe wetu," akanisalimu. "Kaa chini, usimshtue mwanangu."

Mwanangu! Hasira zikanipanda.

"Nani amekuruhusu? Unajua afya yako wewe?"

Mama mkwe alikuwepo, akageukia ukutani. Yule mama, nitamwita Mama Nestori, hakupandisha hata sauti.

"Mawe, mama yangu! Ulitaka nisikilize mtoto analia njaa nami kifua kimejaa? Mtoto wa mtu hapewi titi hivihivi. Kwanza nilikwenda kupima virusi, bibi yake shahidi. Nesi aliponipa ruhusa ndipo nikampakata. Mama mkwe wako alikuwa anatafuta namna ya kukwambia, kwa sababu ya dini yenu."

Nikakaa palepale chini nikalia mbele ya mama mkwe wangu, aibu sikuiona.

Nikamweleza kwamba kwa dini yetu watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, Salma na huyo mwanawe Nestori hawawezi kuoana tena maisha yao yote. Akacheka.

"Basi Nestori kapata dada. Mahari ya Salma ikija, mbuzi mmoja wangu!"

Nikampigia mke wangu video call. Alipomwona mtoto ananyonya, maziwa yalimtoka huko Kibondo, nikaona kwenye simu gauni linalowa kifuani.

"Dada, anavuta?" akauliza.

"Anavuta mpaka nasikia mgongoni. Nenda katibiwe, mdogo wangu. Huyu utamkuta."

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Akasema, "Baba Salma, rudi tufungashe."

Alianza chemo tarehe ileile aliyopangiwa. Nywele zimenyonyoka, kutapika anatapika, ila uvimbe unasinyaa, Alhamdulillah. Salma anatambaa uwanja mzima wa Mama Nestori.

Nilichojifunza: mama anayenyonyesha akiona uvimbe, apimwe mapema, habari za kitana tuziache. Na akina mama hawa, wakuu, Mungu kawaumba kwa udongo gani? Mimi bado nashangaa.

Sasa nisaidieni. Nilimpelekea Mama Nestori doti ya khanga. Akashukuru, akaipasua katikati mbele yangu, kipande kimoja akambebea Nestori, kingine akambebea Salma.

Mtu wa namna hii unampa nini? Nasoma maoni yenu.