Nilimwambia Mama Asubiri Rangi ya Matumbawe

Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Mutsamudu, nimeolewa hapa Moroni, kisiwa kingine. Kiswahili nilikipata Zanzibar nilikosoma. Jambo hili nimelibeba tangu mgogoro wa kisiwa chetu cha Nzwani kujitenga, na sasa limenishinda.

Wakati ule nilikuwa nawasaidia watafiti wa matumbawe hapa Moroni. Mchana mmoja mtafiti mgeni aliweka vipande vya matumbawe hai kwenye beseni la maji ya bahari, ndani ya stoo. Akafunga mlango, akanipa miwani ya njano, akawasha tochi ya bluu. Wallahi, vile vipande vya rangi ya udongo viliwaka kijani, na kimoja chekundu kama kaa la moto! Akanieleza kuwa ni protini, inapokea mwanga wa bluu na kuutoa kwa rangi nyingine. Wanasayansi wanachukua jeni ya protini hiyo, wanaipandikiza kwenye seli za saratani maabarani, kisha wanazitia ndani ya panya aliye hai na kuziona zikitambaa.

"Lakini si dawa," alisema. "Ni taa ya mtafiti tu."

Nilisikia. Naapa nilisikia.

Mama yangu alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Daktari wa kule Mutsamudu alishamwambia ukatwe mapema, ila aliogopa kisu. Nilimpigia simu siku ileile na furaha yangu ya kijinga, nikamwambia matumbawe yetu yana rangi inayowaka kama taa na kufichua saratani.

"Kwa hiyo hawatanikata, mwanangu?"

Miezi mingi sikuwa nimeisikia sauti yake imechangamka vile. Nikashindwa kuizima. Nikasema, "Subiri kidogo Mama, nikuulizie."

Sikuuliza. Jibu nilikuwa nalo. Nilipanga kumpigia wiki inayofuata nimweleze vizuri, lakini kabla ya wiki kwisha mgogoro ukapamba moto, simu za Nzwani zikakatika na boti zikasimamishwa. Kila asubuhi nilikwenda bandarini, kila asubuhi nikarudishwa. Nilikuwa nalia njiani kama mwendawazimu.

Aliyebaki na Mama ni mdogo wangu, nimwite Zaliha. Alimbembeleza aende hospitali ya Hombo, Mama akasema bado. Siku moja Zaliha alileta teksi mpaka mwisho wa barabara, maana vichochoro vya mji wetu haviingii gari, lakini Mama akashikilia mlango, akagoma kutoka. Zaliha akapandwa na hasira: "Basi kaa na uvimbe wako!" Akaenda kwa wakwe zake, mji wa Patsy, siku nne. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umepasuka.

Mama alifariki boti zikiwa bado hazijarudi. Mimi nilifikia kaburi.

Jirani aliyemuosha alinivuta pembeni. "Mama yako alikuwa akiniambia, binti yangu wa Moroni ananitafutia taa, sitakatwa. Taa gani hiyo?" Nikamshika miguu, nikamsihi asimwambie Zaliha. Hakumwambia. Naye sasa ni marehemu.

Miaka yote hii Zaliha anajua Mama alikufa kwa sababu yeye alikasirika akaondoka. Nami nimemwacha ajue hivyo.

Juzi alinipigia. Amepata safari ya Hija. Alikuwa analia mpaka maneno hayatoki. "Dada, nisamehe kabla sijaenda Makka. Mimi ndiye niliyemwacha Mama afe. Nisamehe, dada yangu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Nimekusamehe."

Tangu hapo sili, silali. Nikisimama kuswali, sauti yake inanijia. Mume wangu anasema ninyamaze, nimwache aende na moyo mweupe. Moyo mweupe gani, jamani, wakati atasimama Arafa akiomba toba kwa kosa langu? Na nikimwambia, je, akikataa kunisamehe? Akiondoka na chuki, si nitakuwa nimemharibia na Hija yake? Sina ndugu mwingine duniani.

Alhamisi anashuka Moroni, atalala kwangu, Ijumaa ndege. Nimeshamtandikia kitanda. Ndugu zangu, nipeni neno kabla hajabisha hodi: nimwambie, au nimwache aende?