Kideri na Vichwa Vidogo

Msimu ule wa kideri, darasa letu la nne kule Kabras lilinuka moshi wa sukari guru iliyochemshwa ng'ambo ya barabara. Kuku walikuwa wakifa kila boma. Mwalimu Nafula alikuwa ametueleza ugonjwa wenyewe. Sasa alitaka tuandike maelezo ya kuwasomea watu wa nyumbani. Tulianza vile tulivyozoea kuanza insha: jua limechomoza, umande unametameta, ndege wanaimba. Khasoa, bingwa wetu wa insha, alijaza nusu ukurasa kwa mapambazuko.

Mwalimu alinipa kazi ya Khasoa. "Kwenu kuku wamebaki watatu, sivyo? Soma, utuambie utafanya nini." Nikasoma jua, nikasoma umande. Nilipofikia ndege wanaoimba, Wafula akapaza sauti kutoka nyuma: "Wee Khasoa, kuku yao itakufa ukisifu jua!" Darasa likaangua kicheko. Khasoa akanuna. "Bila utangulizi mtamu hupatangi alama, Mwalimu." "Utangulizi uwepo," Mwalimu alijibu, "lakini useme habari inahusu nini." Akaandika ubaoni kichwa, utangulizi wa sentensi mbili, kisha vichwa vidogo: Dalili, Kuku Mgonjwa, Kuku Anayeonekana Mzima. Tukaandika upya, kila jambo chini ya kichwa chake.

Jioni nilimkuta shangazi, aliyekuwa ametutembelea kutoka Chekalini, akijiandaa kuondoka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na Kukhu, nyanya yangu, alikuwa ameshamfunga kuku miguu ampe. Nikafungua daftari; sikuhitaji kutafuta. Nilienda moja kwa moja kwenye kichwa cha tatu, nikasoma kwa sauti kwamba kuku wa boma lenye kideri asihamishwe, hata akionekana mzima.

"Huyu mtoto ananinyima ingokho yangu?" shangazi aliuliza.

"Hebu soma tena," Kukhu aliniambia. Nikasoma. Akamfungua yule kuku, akamtwisha shangazi mkungu wa ndizi. Shangazi aliondoka amekunja uso.

Wale watatu walikufa wiki hiyo. Kuku wa shangazi kule Chekalini hawakuguswa, na Krismasi shangazi alimletea Kukhu matembe wawili aanze upya.

Siku hizi naishi Amalemba, na habari hunifikia kwa simu. Juzi asubuhi shule ya binti yangu ilituma ujumbe: salamu, sala, shukrani kwa wazazi wote, maneno kuhusu mvua. Nikadhani ni salamu tu, nikauacha niumalizie baadaye. Nilipofika mwisho nikajua watoto walipaswa kuchukuliwa saa sita. Ilikuwa saa nane, na binti yangu alikuwa bado langoni.