Simu Ilisema Mama Anatembea

Peres alikuwa muuguzi mstaafu, mjane aliyeishi peke yake mtaa wa Woodley, na kitu alichokataa katakata ni kutazamwa. Wodini alikuwa amewaona wazee wengi wakivuliwa nguo mbele ya wageni. Bintiye Ivyne, karani kwenye ofisi moja Hurlingham, alipotaka kumwekea kamera, mama alisema heri afe.

Wakaafikiana juu ya kidude. Mwaka huo wa 2008 vidude hivyo vilikuwa bado vigeni mjini. Fundi alikibandika juu ya ukuta wa sebule. Hakikupiga picha wala kunasa sauti. Kilihisi tu mtu akisogea, kikatuma ujumbe kwenye simu ya Ivyne.

"Ukitembea, naambiwa uko salama," Ivyne alimweleza. "Usipotembea, nakuja mbio."

Mwanzoni aliendelea kuja kila Jumapili akitoka kanisani. Baadaye akawa anapiga simu tu. Mwishowe hata simu zikakoma, maana ujumbe ulikuwa unafika.

Asubuhi moja Peres aliteleza sebuleni, nyonga ikavunjika. Simu yake ilikuwa jikoni. Kwa maumivu hakukumbuka alivyoelezwa; akainua mkono, akakipungia kile kidude. Kitaa chake cha kijani kikawaka.

"Amenipata," akajiambia.

Akangoja, wapi. Akapunga tena. Siku nzima alipunga, koo limekauka, mkojo umemtoka, na kila mkono ulipopanda, Ivyne aliambiwa mama anatembea.

Kesho yake jirani yake Mwelu, aliyekuja na maziwa, alisikia mtu akiguna ndani. Akaita wanaume wa ploti, majirani wenzake, wakavunja mlango. Wakamkuta gauni limepanda hadi kiunoni. Alijaribu kulivuta chini, mkono ukakataa.

Hospitalini Ivyne alilia huku akimwonyesha simu. "Ona mwenyewe, Mama. Ilisema unatembea, tena sana. Nikafurahi."

"Nilikuwa nakuita."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Peres hakujibu swali hilo, wala jingine lolote la bintiye. Ivyne akaomba likizo, akawa anakuja kila siku na uji wa wimbi kwenye chupa. Peres aliongea na Mwelu, akaongea na wauguzi, akamtania hata mfagiaji. Ivyne akiingia, alijifanya amelala. Nimonia ilipompata alikuwa bado anajifanya, na Ivyne aliketi pale kando ya kitanda muda mrefu kabla hajagundua kwamba mama hapumui.