Pezi Lililohesabiwa Mara Mbili

Kwenye kituo cha utafiti wa bahari walimwita Mama Daftari. Kazi yake ilikuwa kuosha boti na kupiga deki ofisi, lakini kwa miaka kumi na tisa, boti ilipokwenda kuwatafuta pomboo, naye alipanda. Kila pezi la mgongo lililochomoza majini alilichora kwa penseli kwenye daftari la karatasi nyembamba inayopitisha mwanga: kila mkato, kila kovu, tarehe na saa.

Nafasi ya msaidizi wa utafiti ilipotangazwa, akaandika barua ya kuiomba. Mkuu wa kituo akamwita.

"Mama, tangazo linataka shahada. Wewe una cheti cha kidato cha nne. Usijitie aibu, iondoe barua mwenyewe."

"Siiondoi. Nikataeni kwa maandishi, na sababu muiweke."

Dada yake alimcheka kwenye simu. "Na wewe nawe! Utafiti na hayo magoti yako?"

"Pomboo hawahesabiwi kwa magoti, dada."

Juma lile mtafiti wa kituo alibandika ukutani picha za mapezi za ripoti yake, kila pomboo na namba yake: pomboo wa ghuba wameongezeka kutoka thelathini na wanane hadi arobaini na saba. Kwa hesabu hiyo, eneo ambalo nyavu zimepigwa marufuku lingefunguliwa kwa wavuvi. Mama Daftari akapiga deki hadi chini ya picha namba kumi na nne, akasimama. Akaitazama thelathini na moja. Akaenda kuleta madaftari ya michoro yake.

Aliingia kikaoni, ofisini kwa mkuu, bila kualikwa, ndoo mkononi, akaiweka mlangoni. Akabandika mchoro mmoja kwenye kioo cha dirisha.

"Huyu ni kumi na nne wenu, kapigwa picha ubavu wa kushoto." Akaigeuza karatasi. "Na huyu ni thelathini na moja wenu, ubavu wa kulia. Mikato ni ile ile. Pomboo mmoja, mmemfanya wawili. Wa namna hii wako tisa."

Mtafiti akasogea dirishani, akaigeuza karatasi mara tatu. "Ni kweli," akasema. "Hawajaongezeka hata mmoja."

Mkuu akakohoa. "Vizuri sana, mama. Tuachie madaftari, tutakushukuru kwenye ripoti."

"Madaftari nimenunua mwenyewe. Yanaingia kazini pamoja nami, au hayaingii."

"Unatutisha?"

"Naomba kazi. Barua iko mezani kwako tangu Jumatatu."

"Bila michoro hiyo mimi ripoti siisaini," akasema mtafiti.

Mama Daftari hakungoja kukaribishwa. Akavuta kiti, akakaa, madaftari mapajani. Mkuu akaifungua ile barua, akaomba kalamu, akaandika pembeni: "Aajiriwe." Alipotoka kwenda kuigonga muhuri, ilibidi airuke ndoo.