Mwalimu Aliyehudhuria Semina

Barua ya semina ilimfikia mwalimu mkuu kwa simu, kwenye kundi la wakuu wa shule, siku tuliyokuwa tumekusanyika ofisini kujiandaa na ufunguzi wa shule Januari. Alitusomea kwa sauti. Halmashauri ilitaka kila shule ipeleke mwalimu mmoja wa Darasa la Kwanza mjini Morogoro, kwa siku nne, akafundishwe mtaala mpya. Alipomaliza kusoma hakumtazama mwalimu wa Darasa la Kwanza. Alinitazama mimi.

Mimi nilikuwa nafundisha hisabati Darasa la Sita na la Saba. Sikuwahi kumfundisha mtoto asiyejua kusoma. Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuwa amekaa karibu na dirisha, anafuta vumbi kwenye vitabu kwa kipande cha khanga. Alikuwa mzaliwa wa milima hii hii, na nusu ya wazazi waliokuwa wanaleta watoto kuandikishwa walijua kusoma kwa sababu yake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Nafasi ni moja," mkuu alisema. "Tukimpeleka anayestaafu, mafunzo yanaondoka naye. Wewe bado kijana, na kishikwambi unakimudu."

Sikukataa. Nalisema hilo mapema kwa sababu hasira ninayoisimulia hapa inaanzia kwangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mkuu ana hoja. Ukweli mwingine ni kwamba nilizitamani siku nne za mjini, nikatembee lami na kununua viatu.

Jioni nilishuka nyumbani kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, chini kidogo ya kanisa, kumwomba radhi. Nilimkuta anapalilia karoti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea na jembe. Nilipoanza kujieleza alinikatiza, akasema amri haikutoka kwangu. Kisha akaniagiza jambo moja. Kila mwaka alikuwa anapata watoto wawili watatu wanaoandika herufi kinyume, b ikageuka d, na jina likaanzia kulia. Wengi hunyooka wenyewe. Wachache hawanyooki, na hao ndio tunaowaona wanaacha shule Darasa la Nne wakiwa hawawezi kusoma hata kibao cha zahanati.

"Niulizie hao," alisema. "Nimekuwa nikibahatisha miaka yote. Nataka kujua kama kuna njia."

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari. Asubuhi ya kwanza tulijaza fomu, na palipoulizwa darasa unalofundisha niliandika la kwanza. Mezani kwetu alikaa mwalimu kutoka Dakawa, huyo akiwa mwalimu wa Darasa la Kwanza kweli. Alipoeleza jinsi darasa lake linavyobaki nusu msimu wa watoto kwenda kuwinga ndege wasile mpunga, meza nzima ilimgeukia. Zamu yangu ilipofika sikuwa na langu la kusema. Nilisimulia darasa la mwenzangu: magunzi ya mahindi ya kuhesabia, na herufi kubwa anazozichora uwanjani ili watoto wazifuate kwa miguu kabla hawajashika penseli. Mwezeshaji alinisifu. Aliyaandika hayo kwenye bango kitita, na chini yake akaandika jina la shule yetu na jina langu. Nami nikayasoma tu bila kuyasahihisha.

Nikauliza swali nililoagizwa. Mwezeshaji alisema ni swali zuri, na kwamba liko kwenye moduli ya mwisho, siku ya nne. Nikaisubiri siku ya nne.

Siku hiyo mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi kufunga mafunzo. Ilipofika saa tano mwezeshaji alizima projekta, kwa kuwa viti vilitakiwa vigeuzwe vielekee meza kuu. Saa saba tulifanyishwa mazoezi ya kusimama na kupiga makofi kwa pamoja, walimu wenye wajukuu wakiwemo. Mgeni aliingia saa tisa na nusu. Alizungumza juu ya uzalendo, upandaji miti, na urefu wa sketi za walimu wa kike. Juu ya mtoto anayejifunza kusoma hakusema neno. Tukapokea vyeti, tukapigwa picha. Nilimfuata mwezeshaji akiwa anakunja nyaya, akanijibu kwa upole kwamba yote yamo kwenye kabrasha. Nililifungua njiani kurudi. Moduli ya mwisho ilikuwa na kichwa cha habari, na chini yake ukurasa mzima wa mistari mitupu ya mshiriki kuandika tafakari yake.

Niliporudi, mkuu alinipa saa moja ya kutoa mrejesho kwa walimu wenzangu. Wengine walisikiliza wakichezea simu. Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Nilieleza nilichoweza, na katika kueleza niligundua kwamba mengi niliyofundishwa mjini alikuwa anayafanya tayari, kasoro majina yake ya kitaalamu. Mwishoni aliuliza juu ya wale watoto wake.

"Semina haikufika huko," nilisema.

"Siku nne zote?"

Nilimweleza habari za mgeni rasmi. Alifunika kalamu zake moja baada ya nyingine, akasema basi tuendelee na mengine. Hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Shule ilifunguliwa, naye akaendelea na Darasa la Kwanza kama kawaida. Wiki ya tatu akaja mthibiti ubora wa shule. Alikagua mafaili, akachukua orodha ya waliohudhuria semina, akalinganisha na ratiba iliyobandikwa ukutani, kisha akataka kujua kwa nini aliyepata mafunzo hayupo kwenye darasa alilofundishiwa. Mkuu hakuwa na ujasiri wa kusema alichokuwa amefanya. Alisema ratiba ilikuwa bado ya muda. Kesho yake tukabadilishana: mimi nikaingia Darasa la Kwanza, na yeye, aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi na watoto wa miaka sita, akakabidhiwa hisabati ya Darasa la Saba, watoto wenye mtihani wa taifa mbele yao.

Sitajipamba. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mwalimu mbaya. Nilipoinua sauti walilia, nilipoishusha hawakusikia. Kuna waliotoka nyumbani Kiswahili chao kikiwa kichanga, na mimi, mtu wa kuja, sikuwa na Kiluguru cha kuwatuliza. Mtoto mmoja wa kike alikojoa kwenye dawati kwa kuogopa kuniomba ruhusa. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mwenzangu akihangaika na vipeo na asilimia, anasoma mfano kutoka kitabuni, ananyamaza, anausoma tena. Wanafunzi wangu wa Darasa la Saba walikuja kuniuliza wakati wa mapumziko wamekosa nini.

Nilikwenda kwa mkuu. Nilimwambia tunaharibu madarasa mawili kwa sababu ya karatasi moja. Aliniomba nifunge mlango.

"Mwalimu, karatasi ndiyo inayotulinda," alisema. "Watoto wakifeli tutaulizwa. Karatasi zikipishana tutaadhibiwa."

Nikashuka kwa miguu hadi kwa afisa elimu kata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba ninayosema ni kweli, hata akaongeza mifano ya shule nyingine mbili. Kisha akasema jina langu limeshaingia kwenye mfumo. Nilimwomba liongezwe pia jina la mwenzangu. Akasema itawezekana semina ijayo. Nilimkumbusha kwamba semina ijayo huyo mama atakuwa amestaafu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, na ninaamini masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Hayakunisaidia kitu.

Basi tukafanya wenyewe. Ratiba ya ukutani ilibaki na jina langu Darasa la Kwanza, na yeye akarudi kwa watoto wake, mimi kwa wangu. Mkuu aliona, akachagua kutoona. Kwa kuwa barabara ni moja, pikipiki yoyote inayopanda huku husikika kabla haijafika, na tulikubaliana kwamba ikisikika tutabadilishana haraka. Mara mbili tulikimbizana kwenye baraza ya mbele ya madarasa, yeye na magoti yake yanayomuuma, mimi nikiwa na rula ya ubaoni, halafu kumbe ni mnunuzi wa kabichi. Watoto walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikasimama peke yangu mpaka hasira ilipopungua. Mwalimu wa serikali, mwenye cheti na utumishi usio na doa, alikuwa anaingizwa kwenye darasa lake mwenyewe kwa siri kama mzigo wa magendo.

Vipindi vyangu vilipokuwa mchana, nilianza kukaa nyuma ya darasa lake asubuhi. Nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwenye zile siku nne. Wale walioandika kinyume aliwakalisha mkono wake wa kulia, akawashika kidole na kuchora herufi juu ya meza, akiimba sauti ya herufi hiyo, mara nyingi kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Bado alisema anabahatisha.

Mwezi wa nane akaja mthibiti mwingine, kijana mgeni katika wilaya. Pikipiki yake ilimwishia mafuta bondeni akapanda kwa miguu, kwa hiyo hatukusikia chochote. Aliingia Darasa la Kwanza, akaketi nyuma, akakaa kipindi kizima. Nilipomwona kupitia dirisha nilijua tumekwisha. Lakini alitoka akitabasamu, akasaini kitabu cha wageni, akashuka zake.

Baada ya majuma kadhaa taarifa ililetwa. Ilisema Darasa la Kwanza linafundishwa kwa umahiri wa kipekee, na kwamba hayo ni matunda ya wazi ya semina. Mwalimu aliyesifiwa nilikuwa mimi, kwa majina yangu matatu, kama yalivyoandikwa kwenye ratiba. Kijana yule alikaa kipindi kizima na mama yule asimuulize jina. Barua ya pongezi iliambatanishwa. Barua nyingine ikafuata: ningekuwa mmoja wa wawezeshaji wa semina ya Januari.

Nilimpelekea zote mbili. Alivaa miwani, akazisoma polepole, ile ya pili mara mbili.

"Ya pongezi ikae hata ukutani, mimi hainidhuru," alisema. "Hii ya pili usiikubali. Wataletwa walimu wachanga kuja kujifunza kwako jambo usilolijua."

Nilikuwa nimekuja nikitegemea kwamba atacheka, au atanipongeza kwa kunionea huruma. Niliona aibu mpaka masikioni.

Nikaandika barua kwa halmashauri. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu, nikieleza nani alipaswa kwenda, nani alikwenda, nani anafundisha, na kwamba sifa zile zote ni za mwenzangu. Niliomba awe yeye mwezeshaji, hata kama ni kwa siku moja kabla hajaondoka kazini. Mkuu alinisihi nisiipeleke. Niliipeleka.

Jibu lilichukua siku chache tu, nami nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua kwamba majibu ya haraka si mazuri. Nilitakiwa nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kutoa taarifa zisizo sahihi kwenye fomu ya semina. Ni kweli nilizitoa. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliomtaja mwalimu mwenzangu, wala kuuliza kama kweli ana uwezo nilioueleza. Mkuu naye akaandikiwa. Nilipewa onyo. Nililisaini mbele ya watu watatu, na mmoja wao, alipokuwa ananipa kalamu, aliniambia kwamba ukweli una muda wake. Nilimuuliza muda wenyewe ni upi. Akaendelea kupanga karatasi.

Mama yule alistaafu kabla ya shule kufungwa Desemba. Tulimnunulia vitenge na kapu la vyombo, wazazi wakaleta njegere na kuku. Semina ya Januari ilifanyika bila yeye na bila mimi.

Safari hii Darasa la Kwanza nililiomba mwenyewe, na hisabati ikachukuliwa na kijana mpya. Nilifungua mwaka nikiwa na hofu, lakini angalau nilijua pa kuanzia. Wiki ya kwanza mama yule alikuja kunitazama, amevaa kitenge tulichomnunulia, amebeba mfuko wa magunzi makavu. Alikuwa amekaa nyuma kwa muda mfupi tu mkuu alipokuja mlangoni. Aliongea kwa adabu, akimwita mama. Alisema tangu mambo yale ya mwaka jana tunaangaliwa, na mtu asiye mtumishi haruhusiwi kukaa darasani bila kibali cha maandishi.

Nilimwambia mkuu kwamba huyu ndiye aliyelijenga darasa hili. Mama mwenyewe alikuwa tayari amesimama, anajifunga vizuri kitenge chake. Alinikabidhi ule mfuko, akaniambia nisiwaache watoto wapige kelele.

Niliwapa watoto kazi ya kuchora, nikamsindikiza hadi njia panda. Nilitembea kwa hasira, mfuko wa magunzi ukiwa bado mkononi. Yeye alinieleza habari za karoti zake, zilivyopigwa na mvua, na kwamba atapanda tena wiki ijayo.